Usiulize Jicho Linauma Kiasi Gani

Mwanangu alikuwa na miezi saba aliponyoosha mkono anishike pua, akakosa, na ukucha wake ukapita katikati ya jicho langu la kulia. Akacheka. Nikamlaza haraka kwenye godoro, nikachuchumaa sakafuni na kuufunika uso kwa viganja. Machozi yalimwagika yenyewe, pua nayo ikaanza kutiririka. Nikijaribu kufumbua nashindwa, nikifumba ndiyo mbaya zaidi, maana kila kope ilipoteleza juu ya jicho ilikuwa kama mtu anapitisha msasa kwenye kidonda. Mume wangu aliwasha taa anitazame. Nikampigia kelele aizime.

Usiku ule sikulala. Nimejifungua mara mbili, na sisemi kwamba uchungu wa jicho uliupita ule, lakini uchungu wa kujifungua hupanda na kushuka, unapata mwanya wa kuvuta pumzi. Huu haukushuka. Kufikia alfajiri nilikuwa nimeshajiona chongo, nimeshapanga nitakavyowaeleza watu.

Asubuhi daktari wa macho alinidondoshea tone moja. Likachoma kidogo, nikahesabu kama hadi ishirini, na maumivu yakatoweka. Hayakupungua, yalitoweka, kama redio iliyochomolewa waya ukutani. Nikafumbua jicho kwa mara ya kwanza tangu jioni. Akagusisha kikaratasi chenye rangi ya chungwa ndani ya kope ya chini, akazima taa, akanimulika kwa mwanga wa buluu. Mahali palipochubuka, rangi ile hunata na kung'aa kijani. Akaniambia mkwaruzo anauona, una urefu wa milimita tatu hivi, uko juu juu, na kwamba nikipaka marhamu atakayoniandikia, kesho au kesho kutwa utakuwa umejifunga.

Nilikaribia kuudhika. Milimita tatu?

Basi nikamwomba anipe kile kichupa cha kwanza, kile cha muujiza, niende nacho. Akakirudisha kwenye droo na kuisukuma kwa goti. "Hii haiendi nyumbani, mama."

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kusoma na kuuliza kuhusu macho kupita kiasi. Jamaa zangu watakuambia. Si daktari mimi, na ninayoandika hapa hayachukui nafasi ya daktari. Ila kuna jambo moja ambalo ningetaka kila mtu alijue kabla jicho lake halijamuuma: ukali wa maumivu haukuambii ukubwa wa ugonjwa. Nilipiga kelele usiku kucha kwa mkwaruzo uliopona kwa siku mbili. Katika ukoo huohuo wangu kuna watu waliopoteza uwezo wa kuona huku wakilalamika kidogo tu, au bila kulalamika kabisa.

Sababu iko kwenye maumbile ya jicho lenyewe. Kile kioo cha mbele, ambacho madaktari hukiita konea, kina unene wa takriban nusu milimita pale katikati. Hakina mshipa wa damu hata mmoja, kwa kuwa mshipa ungezuia mwanga. Hewa yake huipata hasa kupitia machozi. Lakini mishipa ya fahamu imesongamana humo kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Yote hiyo ni vijitawi vya mshipa mmoja, wa tano kati ya ile inayochomoza kwenye ubongo, uleule unaohudumia paji la uso, taya na meno. Ndiyo maana sinasi, yale matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso, zikijaa huweza kusikika kama ugonjwa wa jicho, na ugonjwa wa jicho ukasikika kama kichwa.

Kule nyuma kabisa, kinyume chake, kuna retina, utando unaopokea taswira. Retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Ikichanika, ikibanduka, ikivuja damu kwa sababu ya kisukari, haisemi neno. Ni kama tajiri aliyemweka mlinzi mwenye filimbi getini, halafu chumba cha dhahabu akakiacha bila mtu.

Kuhusu kile kichupa: mwaka 1884 daktari kijana wa Vienna, Karl Koller, alionyesha kwamba kokeini ikidondoshewa jichoni hulifanya lisisikie kisu. Kabla ya hapo, upasuaji wa jicho mara nyingi ulifanywa mgonjwa akiwa anahisi kila kitu, ameshikiliwa na watu. Kokeini imeshaachwa na dawa zilizoirithi ni salama zaidi, ila tabia moja zimeirithi pia: zinachelewesha konea kujiponya. Seli za pembeni ambazo zingepaswa kuteleza na kuziba kidonda hupunguza mwendo, na mwenye jicho, kwa kuwa hasikii kitu, hapepesi kope wala halilindi. Wapo walioipata dawa hii kwa njia za panya, wakajidondoshea siku nyingi, na konea ikaoza hadi ikatoboka. Nilipolisoma hilo, ile droo iliyosukumwa kwa goti niliisamehe.

Sasa nikueleze habari za shangazi yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya niandike.

Ilianza jioni, ameketi gizani sebuleni. Akasema kichwa kinamgonga upande wa kushoto, na jicho la upande huo zito. Saa mbili baadaye akaanza kutapika. Mtu wa miaka sitini na kitu, anatapika, jasho linamtoka. Kila mtu akafikiria tumbo. Akapelekwa mahali, akachomwa sindano ya kuzuia kutapika, akarudishwa nyumbani. Kesho yake akatapika tena. Kuna neno alilitamka mara mbili na hakuna aliyelishika: kwamba taa anaiona imezungukwa na duara zenye rangi, kama upinde wa mvua. Tukadhani ni maneno ya mgonjwa.

Siku ya tatu ndipo alipofika kwa daktari wa macho. Jicho lilikuwa jekundu, konea imefifia kama kioo kilichopuliziwa mvuke, mboni imetanuka nusunusu na haishtuki ikimulikwa. Daktari alimbonyeza taratibu juu ya kope zilizofumbwa: jicho moja laini kama zabibu, la pili gumu kama gololi.

Ndani ya jicho kuna majimaji yanayotengenezwa mchana na usiku, na hutoka nje kupitia kipembe kati ya konea na irisi, ile sehemu yenye rangi. Kwa baadhi ya watu, hasa waliopita miaka hamsini, wanawake kuliko wanaume, na wale wanaovaa miwani ya kuonea karibu tangu ujana kwa sababu macho yao ni mafupi, kipembe hicho ni chembamba. Gizani mboni hutanuka, irisi hujikunja pembeni, njia inaziba ghafla. Hata baadhi ya dawa za mafua na mzio huweza kuchochea hali hiyo. Majimaji yanaendelea kutengenezwa lakini hayana pa kutokea. Shinikizo la kawaida la jicho ni milimita 10 hadi 21 za zebaki. Hapo huruka likapita 40, pengine 60. Mshipa wa jicho unaopeleka habari ubongoni hubanwa, na unaohesabika ni muda wa saa, si siku. Shangazi walimpa dawa za kushusha shinikizo, kisha wakatoboa irisi kwa mwanga wa leza, tundu dogo lisiloonekana kwa macho, ili majimaji yapate mlango wa pili. Jicho la kulia, ambalo halikuwa na tatizo, nalo likatobolewa kwa tahadhari. Hilo limepona na linaona vizuri. La kushoto linatofautisha mchana na usiku.

Ungetuuliza sisi wawili, kwa kipimo cha moja hadi kumi, mimi ningesema kumi na moja. Shangazi angesema sita au saba, na kwamba kinachomsumbua zaidi ni tumbo.

Halafu yupo mjomba. Ugonjwa wake, kwa jina, ndio uleule wa shangazi, presha ya macho, ila wa aina iliyo ya kawaida zaidi: kipembe kiko wazi, majimaji yanatoka lakini kwa kusuasua, shinikizo linapanda pole pole kwa miaka. Mjomba hajawahi kuumwa jicho hata siku moja. Alikuwa akigonga fremu za milango kwa bega la kushoto, tukamtania kwamba anazeeka vibaya. Waligundua alipokwenda kupima miwani ya kusomea. Kilichokwisha kufa pembezoni mwa uono wake hakikurudi. Anapewa matone ya kila usiku na anayasahau, kwa sababu nani anakumbuka dawa ya kitu kisichouma? Ugonjwa huu hupita katika damu za ndugu, kwa hiyo mimi na dada zangu sasa tunapimwa. Ukiwa umevuka arobaini na una jamaa wa namna hiyo, usisubiri jicho likuite.

Basi kama ukali si kipimo, kipimo ni nini? Nilipokuwa kwa daktari, nikibubujikwa na machozi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Unaona?" Alinifunika jicho zuri kwa kadi akanitaka nisome herufi ukutani. Niliona kama kichekesho kikatili. Baadaye nikaelewa kwamba hilo ndilo swali linalotenganisha mambo. Nyumbani unaweza kulifanya mwenyewe: pepesa, futa machozi, funika jicho moja, soma maandishi yoyote yaliyo mbali kidogo, kisha badilisha. Jicho linalouma na ambalo kuona kwake kumepungua, hata kama limepungua kidogo, ni la daktari siku hiyohiyo. Ukungu unaoondoka ukipepesa mara mbili tatu, huo mara nyingi ni tongotongo au machozi.

La pili ni mwanga. Kuchukia mwanga kidogo jicho linapowasha ni jambo la kawaida, lakini kuna maumivu ya kina, ya kubana, yanayoamka taa inapowashwa, na dalili yake ya ajabu ni hii: ukilifunika jicho bovu kabisa na kulimulika lile zuri, lile bovu ndilo linalouma. Hii ni kwa sababu mboni mbili husinyaa pamoja, na irisi iliyovimba ikivutwa inalia. Uvimbe huo wa ndani ya jicho, uveitisi, hauambukizi na hausafishwi kwa maji. Wekundu wake hukusanyika kama pete kuzunguka konea, tofauti na wekundu wa macho ya kuambukizana ambao hutapakaa kote na kukolea zaidi pembeni. Wakati mwingine ndiyo barua ya kwanza ya ugonjwa wa mwili mzima: kifua kikuu, kaswende, au ugonjwa wa uti wa mgongo unaowafanya vijana waamke na mgongo uliokakamaa asubuhi. Ukiachwa, irisi hunata kwenye lenzi ya ndani ya jicho na mboni ikaharibika umbo.

La tatu: unavaa lenzi juu ya jicho? Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa binti wa dada yangu alinipigia simu usiku mmoja akiniita "mama mdogo" kwa ile sauti ya mtu anayetaka kibali cha jambo baya. Alikuwa amelala na lenzi siku mbili mfululizo. Jicho jekundu, linauma, limebana. Alikuwa amepata kichupa cha matone alichoachiwa na mwenzake wa chumbani, na alitaka tu nimwambie ni mangapi.

Nikamwambia avue lenzi zote mbili, asizitupe, azitie kwenye kikasha chake na kwenda navyo hospitali, kwa sababu maabara inaweza kuotesha vijidudu kutoka humo. Na kile kichupa akiache palepale. Lenzi huizibia konea hewa na kuikwaruza kidogo kidogo. Bakteria wanaopenda unyevu, wa jamii ya Pseudomonas hasa, wakipata mwanya wanaweza kuila konea kwa siku moja au mbili. Kuna na ameba, kijidudu anayeishi majini, hata kwenye maji ya bomba yanayoonekana safi, anayewapata wanaosuuza lenzi kwa maji au kuogelea nazo. Huyo huumiza kuliko jicho linavyoonekana, na matibabu yake ni ya miezi. Binti yetu alikutwa na doa jeupe kwenye konea, dogo kama kichwa cha pini. Akatiwa dawa kila saa, usiku na mchana. Amebaki na kovu pembeni, mahali lisipomzuia kuona. Kwa mvaa lenzi, jicho jekundu linalouma halisubiri kesho. Hilo silitanii.

Kile kichupa cha mwenzake wa chumbani kilikuwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Matone ya steroidi ni dawa nzuri mno mikononi mwa anayejua. Ndiyo yanayookoa macho yenye uveitisi. Ila tabia yake ni kunyamazisha. Virusi vya herpes, vilevile vinavyoleta malengelenge ya mdomoni, huweza kuchora kidonda kwenye konea chenye matawi kama mti uliopukutika majani. Ukitia steroidi peke yake, wekundu unapungua, maumivu yanatulia, unamshukuru aliyekupa, na huku chini kidonda kinapanuka. Kuvu nayo ni hivyohivyo, ile inayoingia mtu akichomwa jicho na jani, shina au mwiba. Ukiyatumia miezi bila kupimwa, matone hayo huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Sijui kwa nini tunachangiana dawa za macho kirahisi namna hii. Mswaki hatuchangii.

Kuna tukio moja tu ambalo maswali yote haya unayatupa: kemikali ikiingia jichoni. Hapo huulizi, husomi lebo, hupigi simu kwanza. Unafungua maji. Maji safi yoyote yaliyo karibu, kope zimeachanishwa kwa vidole, jicho linazungushwa huku na huku, dakika zisizopungua 15 na ikiwezekana 30, ndipo uende hospitali. Watu huogopa asidi, na asidi inaunguza kweli, lakini mara nyingi hugandisha protini za juu na kujijengea ukuta wa kujizuia. Vitu vya aina ya chokaa, saruji mbichi, amonia na dawa za kuzibulia mabomba huyeyusha na kuendelea kuzama ndani hata baada ya kilio kupungua. Punje za chokaa zilizojificha chini ya kope zitaendelea kuunguza zisipotolewa. Na usijaribu kuzimua kwa siki au kitu kingine cha werevu. Joto la mchanganyiko huo linaongeza jeraha.

Vipande vya chuma vina ujanja wao. Anayepiga patasi kwa nyundo huweza kurushiwa kibanzi chembamba kikapenya moja kwa moja ndani ya jicho, na kwa kuwa kiliingia kwa kasi, maumivu yakawa madogo na tundu likajifunga. Mtu anasema, "Kilinigusa tu." Akipigwa nyundo, grainda au mwiba, na sasa mboni haiko duara au kuna damu ndani ya jicho, usibonyeze, usisafishe, usivute kinachochomoza. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, kibandike kikae juu ya mifupa inayozunguka jicho bila kuligusa, uondoke. Fundi wa kuchomelea anayeamka usiku wa manane macho yote mawili yakiwa kama yamejazwa mchanga, huyo ameunguzwa na miale saa 6 hadi 12 zilizopita. Anateseka kweli, na kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili. Tazama tena ile habari ya filimbi getini.

Mengine mengi ni ya kawaida na sina haja ya kukutisha. Chokea, kale kajipu kwenye ukingo wa kope, kanataka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika kumi mara nne kwa siku, na mikono isiyokaminya. Macho makavu huchoma na kutoa machozi, jambo linaloonekana la kipuuzi mpaka ujue kwamba machozi hayo ni ya dharura, hayana mafuta ya kutosha kukaa juu ya jicho; ukitazama skrini unasahau kupepesa, basi pumzika, tazama mbali, pepesa. Macho mekundu ya kuambukizana huwasha na kugandisha kope asubuhi, lakini maumivu makali si tabia yake. Mwaka 1969 nchini Ghana yalizuka macho mekundu yenye kuvilia damu, na kwa kuwa Apollo 11 ilikuwa imetua mwezini mwaka huohuo, watu wakauita ugonjwa Apollo, kana kwamba wanaanga walirudi nao. Mengi ya macho hayo hupona yenyewe. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni, hata hivyo, haingii katika kundi hili. Huyo apelekwe siku hiyo.

Kisha kuna maumivu yaliyokopa anwani ya jicho. Mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji la uso na malengelenge yakishuka hadi ncha ya pua, jicho liko hatarini, kwa sababu kijitawi cha mshipa kinachofika ncha ya pua ndicho kinachoingia jichoni. Daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson aliliona hilo katika karne ya 19, na bado linatumika. Dawa za virusi hufanya kazi vizuri zikianza ndani ya saa 72. Jicho linalouma likigeuzwa huku na huku, na rangi nyekundu ikaonekana imepauka kuliko kwa jicho la pili, huenda ni mshipa wa jicho wenyewe umevimba. Huwapata vijana pia, wanawake zaidi. Maumivu ya kutoboa, yanayoamsha usiku na kusambaa hadi tayani kwa mtu mwenye baridi yabisi, yanaweza kuwa ya ule ukuta mweupe wa jicho. Mtu aliyevuka hamsini anayeumwa panja, pale kati ya jicho na sikio, ngozi ya kichwa haigusiki kwa chanuo, taya linachoka akitafuna, asiambiwe ni mawazo: mishipa ya damu ya kichwani ikivimba huweza kupofusha jicho kwa usiku mmoja, kisha la pili likafuata.

Na mtoto mwenye mafua aliyeamka kope zimevimba, ana homa, jicho linachomoza au haligeuki vizuri, huyo ni wa hospitali sasa hivi, maana maambukizi yametoka kwenye sinasi yakaingia nyuma ya jicho, na kutoka hapo hadi ubongoni si safari ndefu.

Wakati unajiandaa kwenda, vua lenzi, vaa miwani ya jua, meza paracetamol kama huwa unaitumia bila matatizo, usiendeshe gari. Usitie jichoni kitu chochote ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya jicho, hata kama aliyekupa anakupenda. Chukua dawa zako zote, na hasa kichupa chochote ulichokwisha kudondosha, maana daktari hawezi kukisia. Mweleze saa ilipoanza na ulikuwa ukifanya nini. Na kama kuna jambo la ajabu uliloliona, duara la rangi, pazia, vimulimuli, liseme hata kama wenzako wanacheka. Liseme mara ya tatu.

Mkwaruzo wangu ulipona siku ya pili, kama nilivyoambiwa. Miezi minne baadaye, saa kumi na moja alfajiri, nilifumbua macho na maumivu yaleyale yakanipiga, ya upande uleule, kama ukucha umerudi. Mtoto alikuwa amelala chumba cha pili. Safari hii sikujiona chongo. Nilifunika jicho la kushoto, nikatazama saa ya ukutani, nikaisoma. Nikatazama kwenye kioo, mboni duara. Asubuhi daktari akacheka kidogo, akasema mikwaruzo ya kucha na karatasi inajulikana kwa hilo: ngozi mpya ya konea haishiki vizuri chini, usiku inakauka na kunata kwenye kope, na ukifumbua kwa ghafla inabanduka. Akanipa marhamu ya kupaka kila nikilala, kwa miezi kadhaa.

Bado naipaka. Na nikiamka, nalala kwanza nimefumba, nazungusha macho chini ya kope mpaka yalowe, kisha nafumbua la kulia taratibu.